Mwiko wa mama, wenye nilisugua

Marafiki, leo mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Munajua mimi niko na ugonjwa wa kuchonga. Nikiona kipande cha mbao, kisu iko tayari mukononi.

Asubuhi mama alienda soko, hapa Kasongo. Nikaona mwiko wake wa bugali jikoni: mweusi, umelika upande mumoja. Nikasema, acha nimutengenezee, atafurahi.

Nikachonga mpaka pande zote zikalingana. Nikasugua na msasa. Nikapaka mawese, ukang'aa. Picha njo hii, muone wenyewe.

Mama akarudi, akaweka maji motoni.

"Mwiko yangu iko wapi?"

"Njo hii, mama!" Nilikuwa nangoja sifa.

Akaushika na mukono wa kushoto. Akaugeuza. Akaugeuza tena.

"Mwanangu, ule upande umeenda wapi?"

Kumbe mwiko ulikuwa wa bibi, mama yake. Wote wawili, mukono wao wa kazi ni wa kushoto. Bibi alisonga bugali nao kule Kabambare mpaka upande ukaanza kulika, mama akaendelea palepale.

Na mimi nikafikiri ni kasoro.

Wenye kuchonga, tafazali, musiniambie nimuchongee mwingine.

Alisonga bugali, tukala. Lakini wakati wa kusonga nilimuona: kila mara anasimama kidogo, kidole chake kinatafuta ule upande.

Vumbi la ule upande nililipuliza mimi mwenyewe pale mulangoni. Na mluzi nilikuwa napiga.