Ivy Holdroyd Haanui Nguo

Kila Jumatatu, mvua isiponyesha, na mara nyingine hata ikinyesha kidogo, Ivy Holdroyd aliikatiza barabara kuu ya Crowshaw kwa nguo zake. Kamba ilitoka kwenye kulabu juu ya dirisha lake, ikavuka mawe ya barabara, ikafungwa kwenye kulabu ya ukuta wa pili. Juu yake zilining'inia shuka, foronya, gauni la kulalia, na zile chupi kubwa za flaneli ambazo ndizo hasa zilizowatoa watu jasho. Mama yake alianika hapo hapo, na bibi yake kabla ya mama. Enzi hizo siku ya Jumatatu barabara yote ilikuwa nguo tupu, kuanzia chini mpaka kanisani, na mwenye farasi alisubiri au alirudi alikotoka. Sasa alibaki Ivy peke yake. Wenzake wengi walikuwa wamenunua mashine za kukaushia, na wengine walikuwa makaburini.

Taabu ni kwamba juu kabisa ya barabara hiyo iko nyumba ya kasisi. Humo, zamani, binti wa kasisi aliandika kitabu kuhusu nyika yetu, kisha akafa kijana kwa ugonjwa wa kifua, na tangu hapo dunia nzima inapanda kilima kuja kutazama kiti alichokalia. Mabasi yanawashusha chini kwenye daraja. Wakifika kati ya barabara wanasimama, wanatoa kamera, kwa sababu hapo ndipo unapopata kila kitu kwa picha moja: mawe, kanisa, nyumba ya kasisi, na nyika yenyewe nyuma yake imetandazika mpaka mbinguni. Siku ya Jumatatu walipata na chupi za Ivy.

Kitabu chenyewe Ivy alikisoma mara moja, alipolazwa na homa ya mapafu. Alisema yule msichana wa kitabuni analia mno kwa mtu ambaye kila kitu anafuliwa. Akakirudisha maktaba, basi. Lakini wageni hakuwachukia. Walipomwuliza njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, au kwenye lile gofu la nyumba huko nyikani linalosemwa kuwa ndilo la kitabuni, aliwatazama kwanza miguuni. Mwenye buti alionyeshwa njia. Mwenye viatu vya harusini alielekezwa stesheni akapande treni ya moshi, maana Ivy alikwisha kuchoka kuona vijana wa uokoaji wakishuka na watu kwenye machela.

Mtu akitaka kumwuliza jambo ilimbidi asimame mbele yake, kwa kuwa Ivy alikuwa kiziwi. Aliingia kiwanda cha nguo bado msichana wa kusukwa nywele, na mitambo ya kufuma ikamla masikio taratibu, kama ilivyowala wote waliofanya kazi mle. Kelele ya chumba kile huwezi kumweleza mtu. Kwa hiyo wafumaji walisema kwa midomo mitupu, bila sauti, kila neno wakilitanua usoni ili mwenzao wa upande wa pili alisome. Walitaniana hivyo, wakasengenyana hivyo, wakapeana habari za misiba hivyo. Ivy alichumbiwa hivyo na Harold Holdroyd, fundi mitambo, na akamkatalia mara ya kwanza hivyo hivyo, ukumbi mzima ukisoma. Kiwanda kilifungwa, Harold akafa, masikio hayakurudi, lakini macho ya Ivy yaliendelea kufanya kazi yao. Na watoto wa kijiji kile walikua wakijua jambo moja: ukitaka kumramba kisogo mfumaji, hata akiwa ng'ambo ya barabara, ziba mdomo wako kwa kiganja.

Clifford Helliwell alikuwa mmoja wa watoto hao. Mama yake, Nora, alifuma kwenye mtambo uliopakana na wa Ivy tangu ujana wao, na Clifford alikula kwa Ivy siku nyingi kuliko kwao. Akasoma, akaenda mjini, akarudi na tai shingoni, akawa mwenyekiti wa kamati ya kutunza kijiji. Kamati hiyo ndiyo iliyorithi nyumba za kiwanda, na nyumba ya Ivy ilikuwa mojawapo. Sharti la nyumba zile lilikuwa la zamani na fupi: mfumaji hatolewi mpaka afe, au autoe ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuutoa.

Kwanza walimjia kwa upole. Clifford alimwomba afue siku nyingine. Ivy akamwuliza siku ipi, na hizo nyingine atafanya nini. Kisha kamati ikamletea zawadi ya mashine ya kukaushia, nyeupe, imefungwa utepe. Akashukuru sana, akaiweka jikoni, akahifadhia vitunguu. Walipokuja kuangalia inavyofanya kazi aliufungua mlango wake, akawapa kitunguu kila mmoja. Jeuri ya mwanamke yule, nakwambia, ilikuwa ya kuangaliwa kwa kiingilio kama nyumba ya kasisi.

Mwaka ule sikukuu ya binti wa kasisi iliangukia Jumatatu ya mapumziko, mwishoni mwa Mei. Wiki mbili kabla yake Clifford alikuja na keki ya tangawizi. Safari hii hakutaja nguo hata kidogo. Alitazama juu, akakunja uso, akasema paa limechoka, mbao zimeliwa, linaweza kumwangukia Anti Ivy usingizini. Mafundi wangekuja baada ya sikukuu. Yeye angekaa siku chache tu kule bondeni, kwenye nyumba za wazee, vyumba vina joto, na paa likishatengenezwa angerudi. Kilichotakiwa ni ufunguo, ili mafundi waingie. Clifford angeupokea Jumatatu yenyewe, na gari lingemchukua jioni.

Ivy alikubali. Msimcheke. Mtu uliyempangusa makamasi hukai ukamchunguza kama mwizi. Tena usiku wa upepo alikuwa kweli akisikia kitu kikitikisika kifuani mwake, akadhani ni paa. Akashusha sanduku lake kutoka juu ya kabati, akakunja nguo zake, akaweka na picha ya Harold katikati ya mablanketi isivunjike.

Jumamosi alikuwa chumbani juu akisugua kioo cha dirisha, hakutaka mafundi wakute uchafu. Ng'ambo ya barabara upo mkahawa wa chai, na kwenye meza ya dirishani alikaa Clifford na bwana mmoja mnene ambaye Ivy hakumjua, wana mkate wa siagi mbele yao. Ivy hakuwa akipeleleza. Macho yake yalisoma tu, kama yako yanavyosoma kibao cha duka.

"Akishanipa ufunguo kwa mkono wake, imekwisha," Clifford alikuwa akisema nyuma ya kioo. "Paa halina neno lolote. Bibi atakaa kule bondeni mpaka Mungu amchukue, na nyie mtapata vyumba vinne vya wageni vinavyotazama nyumba ya kasisi. Kamba ile nitaing'oa mwenyewe."

Yule mnene akacheka, akapaka siagi.

Ivy aliketi juu ya sanduku, kitambaa cha kusugulia mkononi. Ilimuuma, tena sana. Mtu mwingine angemfanyia hivyo angemtukana, akanywa chai, yakaisha. Lakini huyu alimjua utosi ulipokuwa bado laini. Na jambo lililomchoma zaidi ni kwamba hakuziba mdomo. Alikwisha kumsahau kiasi hicho, akamwona ni kikongwe tu dirishani, pazia lenye macho.

Akili ya kwanza ilikuwa kwenda kwa Nora. Akavaa koti, akafika mlangoni, akalivua. Nora alikuwa na huyo mmoja tu, na alimtaja kila alipofungua kinywa: Clifford kasema, Clifford kaitwa, Clifford ndiye aliyeleta taa za barabarani. Kwenye sikukuu Nora ndiye angefungua shughuli jukwaani, mfumaji mzee kuliko wote, mama wa mwenyekiti, na kofia alikwisha kununua. Ivy alijua akimwambia atamvunja moyo. Akajaribu kutwa nzima ya Jumapili kutafuta namna ya kujiokoa bila kumgusa rafiki yake. Angeweza kusema ni mgonjwa. Angeweza kudai ufunguo umepotea. Kila njia ilikuwa ya mtu anayejificha, na ndani ya nyumba yake yeye hakuona kwa nini ajifiche. Hasira ikapanda, ikashinda huruma.

Jumatatu asubuhi alifungua sanduku, akaitoa picha ya Harold, nguo zote akazimwaga kwenye beseni. Zilikuwa safi, hazikuwa na doa. Alizifua hivyo hivyo.

Kufikia saa ya sikukuu barabara ilikuwa imejaa pomoni. Bendi ya tarumbeta ya kijiji ilikuwa imepangwa mbele ya mkahawa, mashavu yamevimba, ikipiga kwa nguvu zake zote. Wageni walijaa na makofia yao na ramani zao za kwenda maporomokoni. Na juu ya vichwa vyao vyote, toka ukuta hadi ukuta, nguo za Ivy Holdroyd: zote alizo nazo duniani, kamba ameivusha mara mbili, chupi katikati.

Clifford alikuja anatabasamu kwa ajili ya watu, lakini shingo imemwiva. Akasimama mlangoni mbele ya Ivy, akalazimika kutanua maneno kwa sababu ya bendi.

"Anti, nipe ufunguo sasa. Na hizi nguo, nakuomba, nianulie. Unaniaibisha mbele ya wageni."

Ivy alikuwa na ufunguo mfukoni mwa aproni, ameukamata. Alitazama juu ya bega lake mpaka jukwaani, ambako Nora alikaa na kofia yake mpya, akamwinulia kidole kama walivyofanya kiwandani mtu akitaka mwenzake aangalie. Nora akaangalia.

"Nora," Ivy alisema kwa midomo, polepole, bila chembe ya sauti, "mwanao anataka kunitoa."

"Unasema nini wewe?" Nora akajibu vivyo hivyo, akicheka. "Anakutengenezea paa."

"Paa langu ni zima. Nimemsoma Jumamosi, nyuma ya kioo cha mkahawa. Kamwambia mtu nikishatoa ufunguo sirudi, nyumba iwe ya wageni."

Bendi ilikuwa ikinguruma. Wageni hawakujua kitu. Aliyewaona wazee wale wawili alidhani wanatafuna peremende. Lakini kando ya barabara, kwenye viti vya kukunja na kwenye ngazi za nyumba, palikuwa na wafumaji wengine, na kofia moja ikageuka, ikafuata ya pili, mpaka zote zikawa zinamtazama Clifford. Naye akageuka, akaona uso wa mama yake. Kwa mazoea ya utotoni mkono wake ukapanda, kiganja kikaziba mdomo.

"Kweli?" Nora akamwuliza kwa midomo.

Angeweza kukana. Kwa mdomo ule ule wa mkahawani angeweza kuteremsha uongo mwingine. Lakini alitazama chini kwenye mawe, kiganja bado mdomoni, na kwa Nora hilo lilitosha.

Wimbo ukaisha. Wakamletea Nora kipaza sauti pale alipoketi, lakini alisimama, akachukua muda kusimama. Kuanzia hapo barabara yote ilisikia isipokuwa Ivy na wafumaji wenzake, ambao walimsoma neno kwa neno.

"Nimeambiwa niwakaribishe Crowshaw," Nora alisema. "Karibuni. Nimeambiwa niwatajie makumbusho, na maporomoko, na treni ya moshi. Nimewatajia. Sasa langu mwenyewe. Ile nyumba yenye nguo ina mwenyewe, yupo mlangoni, na haendi popote. Kuna mtu alitaka kumtoa kwa hila. Mtu huyo nimemzaa mimi, na nayasema haya yeye akinisikia. Anayetaka kumwona binti wa kasisi atapita chini ya nguo za Ivy Holdroyd kama tulivyopita sisi sote. Nimefungua."

Wageni walipiga makofi kwa adabu, wakidhani ni sehemu ya sikukuu. Wafumaji hawakupiga. Yule bwana mnene hakuonekana tena. Clifford alibaki katikati ya barabara, watu wakimpita kulia na kushoto, mpaka akainamisha kichwa naye akapita chini ya shuka, akienda juu peke yake.

Nora alikuwa bado amesimama jukwaani. Kofia ilikuwa imemkaa upande. Akamrudishia mtu kipaza sauti, akamtazama Ivy ng'ambo ya vichwa vyote vile.

"Umeniumiza, shoga," alisema kwa midomo.

"Najua," Ivy akamjibu. "Na kesho ningefanya tena."

Nora alijifuta macho kwa ncha ya glavu, hajali nani anaona. Kisha akaitazama ile kamba kwa jicho la mtu aliyefua maisha yake yote.

"Shuka zako hukuzikamua," alisema. "Zinawadondokea wageni."

"Waache walowe," akasema Ivy.