Redio Nyuma ya Pazia

Mama yangu, Mwanapili, alizaliwa kisiwa cha Chovai akaolewa Kismayu, Somalia. Mumewe, baba yangu Fumo, aliijua redio ya upepo ya kuzungumzia na watu wa mbali, ile ambayo Wasomali huiita taar, tangu alipofanya kazi bandarini. Vita vilipoingia mjini mwaka 1991, walikimbia kwa mashua hadi Mombasa, wakapewa nafasi kambini. Huko wafanyabiashara wa kwetu wakafunga redio na jenereta yake katika kibanda cha mabati, wakamkabidhi baba. Chumba tulicholala kilitenganishwa na redio kwa pazia tu. Nasema tulicholala kwa kuwa nami nilikuwamo, tumboni mwa mama.

Kutwa nzima baba aliita, "Kismayu, Kismayu, wanisikia? Ova." Watu walipanga foleni juani ili wajue nani yu hai.

Baada ya wiki chache baba akaanza kuumwa kichwa na kutapika. Mama naye kizunguzungu kikamshika. Jirani yetu Zuleikha akamwambia, "Dada, ni yale mawimbi ya redio. Yanapita ukutani, yanapita mwilini. Hicho kiumbe chako kitapona kweli?"

Mama hakula siku hiyo. Alitundika kanga mbichi juu ya pazia, akisema maji yatayazuia mawimbi. Baba akacheka. Mama akalia.

"Wewe ni mchu, Fumo, mtu wa nyama, si chuma! Chagua, mimi au hiyo taar."

Baba akazima mtambo.

Asubuhi yake watu walikuja kama kawaida, wakakuta kimya. Hawakuondoka. Zuleikha mwenyewe alikuwa mbele, kashika nguzo ya kibanda. Mama yake alibaki Kismayu, na siku hiyo ndiyo waliyokuwa wameahidiana kuzungumza. Mama alimwona akifuta macho kwa ncha ya buibui, akashindwa kuvumilia. Akavaa viatu, akaenda zahanati.

Muuguzi Thuraya alimsikiliza hadi mwisho.

"Kichwa huuma redio ikiwaka tu?"

Mama akafikiri. "La. Ikitumia betri hatuumwi. Ni jenereta ikinguruma."

"Jenereta mmeiweka wapi?"

"Ndani, nyuma ya pazia. Tukiiacha nje itaibiwa."

Thuraya akasimama. "Itoeni leo hii! Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Huua watu wakiwa wamelala. Na wewe una mimba!"

"Na mawimbi je?"

"Waya wa antena msiuguse redio ikirusha sauti, utawaunguza. Uinueni juu, mbali na mnapolala. Zaidi ya hapo wataalamu bado wanachunguza. Sijaona ushahidi kwamba redio kama yenu imemdhuru mtoto tumboni, lakini sitakudanganya kwamba kila kitu kinajulikana."

Mama alipenda jibu hilo kwa sababu halikumdharau. Siku hiyohiyo jenereta ikafungwa kwa mnyororo nje, upande unaopeleka moshi mbali, na waya ukapanda juu ya mti mrefu wa mkoko. Redio ikawashwa tena, na vichwa vikapoa. Kanga mbichi, hata hivyo, ilibaki pale pale hadi nilipozaliwa, na baba hakuthubutu kuigusa.

Nilizaliwa mzito, nikilia kwa sauti ambayo baba alidai ilisikika Kismayu bila mtambo.

Baba alipoanza kuvua samaki, mama akakalia kiti chake. Watu walimpenda kwa kuwa hakumkabidhi mtu kipaza sauti kabla hajamuuliza kama amekula. Aliyepokea habari ya msiba, mama alimshika mkono wakati wote wa mazungumzo. Na Zuleikha alipompata mama yake hatimaye, wakabaki wote wawili wanalia tu, hakuna anayesema. Mama yangu akainama kwenye kipaza sauti akasema taratibu, "Kismayu, msikate. Wanazungumza. Ova."