Gorogoro Niliyompimia Mungu

Mama mkwe wangu alinifundisha kufua kitambaa cha Meza ya Bwana kabla hajanifundisha jinsi anavyoipenda chai yake. Nilikuwa nimeolewa Karungu nikitokea Sindo, mwaka haujaisha, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga macho. Alijua siku zake za kutandika meza kanisani zinakwisha. Binti zake wote walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, nikitaka nisitake.

Kitambaa kile kilikuwa na beseni lake peke yake, beseni jeupe ambalo halikuguswa na sufuria wala nguo ya mtu. Kabla ya kukishika nilisugua mikono kwa majivu, kisha kwa ndimu, mpaka harufu ya omena iishe. Sisi ni watu wa ziwa, na vile visamaki vidogo vya kukausha huacha harufu inayolala na mtu na kuamka naye. Mama alininusa mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Harufu ikibaki, alisema neno moja tu, "Rudia," nami nikarudia nikiwa nimenuna. Kitambaa kilianikwa ndani ya nyumba, kisipate nzi. Makaa ya pasi yalipulizwa nje, mbali, jivu lisije likarukia weupe ule. Kilikunjwa mara tatu kwa urefu na mara mbili kwa upana, msalaba alioudarizi mwenyewe ukiwa ndani.

Siku moja nilimwuliza kama kweli Mungu hutazama mikunjo. Hakukasirika.

"Mgeni akija ghafla nyumba ikiwa chafu, unamwomba radhi," alisema. "Huyu hajaja ghafla, Nyar Sindo. Jumapili unaijua."

Nyar Sindo ni binti wa Sindo. Ndivyo Wajaluo tunavyowaita wake, kwa walikotoka. Nyumbani tulizungumza Dholuo, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili nikijua yamepoteza ukali kidogo.

Nikawa hodari. Niseme ukweli, nikawa hodari kupita kiasi. Kikombe kikisogezwa upana wa kidole nilikiona kutoka mlangoni. Wanawake waliokuja kunisaidia kufagia niliwakemea kwa kuvaa ndala mbele ya meza. Mchungaji alipokuja kutoka mbali kutushirikisha, aliisifu meza yetu mbele ya watu wote, nami niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao sikuwa nao.

Mkate wetu ulitokana na omena. Nilinunua ufuoni asubuhi mashua zikifika, nikaanika juu ya nyavu kuukuu, na siku ya soko nikapeleka magunia Migori mjini. Kisha yakaja magugu maji. Aliyeishi kando ya ziwa miaka ile ya tisini hana haja ya kuelezwa. Tuliamka tukakuta ghuba nzima ni kijani, mashua zimenaswa, wavuvi wamekaa ufuoni mikono mitupu. Omena ikawa adimu na bei yake ufuoni ikapanda. Sokoni wateja walitaka bei ya zamani.

Huo ndio udhuru wangu. Nimeutaja, sasa niuweke kando.

Sokoni kwetu kipimo ni gorogoro, ule mkebe wa bati wa mafuta ya kupikia ya kilo mbili. Kila mchuuzi anayo yake. Mchana mmoja niliigeuza yangu juu chini, nikachukua jiwe, nikaigonga kitako mpaka kikaingia ndani. Kwa nje, ukiitazama imejaa omena mpaka juu, huoni kitu. Watu wengi sokoni walifanya hivyo, na nilikuwa nikiwasema kwa jina. Nilipofanya mimi nilikuita kujikinga na hasara.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja Mkuria kutoka vilimani, karibu na mpaka wa Tanzania. Alishuka na mahindi, akapanda na omena ya kwenda kuuza kwao. Mimi na yeye tulisikilizana kwa Kiswahili tu, kila mmoja na chake. Alipenda kwamba kabla ya kufungua gunia nilifumba macho nikaomba. Aliniita Mama Kanisa. Mahindi yake niliyanunua kwa gorogoro yake, ambayo kitako chake kilikuwa sawa, na omena yangu nilimwuzia kwa gorogoro yangu. Sikuona aibu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo nikilikumbuka.

Mara moja aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mama Kanisa, hii omena yako iko na nini? Nikipima huku ni kumi. Nikifika nyumbani napima, haifiki kumi."

"Omena ni kitu ya kukauka, mama," nilimjibu. "Hiyo jua ya njiani inaipunguza."

Akaitikia kwa kichwa, akaamini. Aliyekuwa akimjibu alikuwa ametoka kuomba sasa hivi.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kwetu kila nyumba huleta ilichojaliwa: mahindi, mtama, kuku, ndizi. Kisha hugawiwa wajane na wazee wasiojiweza. Nilikuwa nimeahidi mbele ya kanisa gorogoro kumi za omena, nikitaka isikike, na katika ukame ule wa samaki ilisikika vizuri. Nikalibeba gunia na gorogoro ikiwa ndani yake, kama nilivyozoea siku za soko. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeamka mapema kukipiga pasi upya kwa sababu ya kunjo moja.

Zamu ya omena ilipofika, mama mkwe aliitwa mbele ashike karai, heshima ya mtu aliyekausha samaki tangu usichana wake kule kisiwani Mfangano. Alikuwa haoni tena kitu isipokuwa mwanga. Akapiga magoti, akalikumbatia karai, nami nikaanza kupima. Watu wakahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne nikaona mikono yake inatulia kwa namna nisiyoipenda. Kwenye ya sita ndipo nilipotazama nilichoshika. Nilikuwa nampimia Mungu kwa ule mkebe.

Ningefanya nini? Niliendelea. Saba. Nane. Nilimimina nimefumba macho, na wengine walidhani ni Roho. Nilipomimina ya kumi watu wakapiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele. Mama akanyoosha mkono, akaichukua gorogoro kutoka kwangu, akaingiza vidole ndani mpaka chini. Kisha akanirudishia, akashukuru kwa sauti, akarudi kwenye mkeka wake.

Nyumbani alikula, akanawa, akaniita.

"Tangu lini?"

"Tangu magugu yaje, Mama."

"Wanunuzi ni wengi?"

"Wengi. Lakini anayenunua kila soko ni mmoja, Mkuria."

Nilitamani anitukane. Ulimi wake ulikuwa mkali, na matusi yake nilishayazoea, huwa yanapita.

"Nilikunusa mikono miaka yote hii," alisema. "Nikadhani ni safi."

Nililia. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia mambo mawili. Kwanza, wale wajane wapelekewe kilichopungua kesho yake, kila nyumba, na kila mmoja aambiwe kwa nini. Pili, kitambaa. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa anakuja kwa Meza ya Bwana.

"Usikitandike kabla huyo mama hajajua," alisema. "Na mimi sitamruhusu mwingine akitandike. Kanisa zima litakaa mbele ya mbao tupu, wewe ndiye utawaeleza."

Nyumba za wajane nilizimaliza Jumatatu. Mmoja alinicheka, mmoja alinifungia mlango. Kazi ilikuwa sokoni. Nilifika Migori na gunia zima la omena na gorogoro mpya, na ile ya zamani nimeifunga ndani ya leso. Mkuria hakuja. Mahali pake pa mahindi palikuwa na msichana, binti wa dada yake. Nikamwuliza mama yuko wapi.

"Mama haji tena," alisema. "Mzee amemkataza. Anasema Mama anakula pesa. Omena haitimii."

Nilijikuta nimekaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nimefikiria hasara ya vibaba. Sikufikiria kwamba kule juu kuna mwanamume anayesubiri gorogoro kumi, na mwanamke anayefika na pungufu kila soko, hana la kusema ila jibu nililompa mimi, la jua na kukauka.

Msichana alikubali kunipeleka kwao Jumamosi. Nyumba ilikuwa juu ya kilima, boma safi, ng'ombe wachache. Mama yule aliponiona alifurahi, akaita kwa sauti, "Mama Kanisa!" Alitaka kunipokea mzigo, nikamkatalia. Nilimwomba amwite mume wake. Mume alikuja na kaka yake, wakaketi. Nikafungua leso.

Sikuwa na hotuba. Nilimwomba mama alete gorogoro yake, nikajaza mahindi kwenye ile yangu ya zamani, nikayamimina kwenye yake. Yakaishia chini, vidole vinne kutoka ukingoni. Nikasema, "Mama hajala kitu chenu. Aliyekula ni mimi."

Mume aliutazama ule upungufu. Alisema kitu kwa Kikuria, polepole, akimwelekea mkewe bila kumtazama, na mkewe akainuka akaingia jikoni. Kisha akanigeukia.

"Mimi si mtu wa kanisa," alisema. "Huyu bibi yangu alikuwa ananisumbua kila siku nimpe ruhusa abatizwe. Nilimwuliza kwa nini. Alisema ni kwa sababu yako."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, mengine yakinilenga mimi waziwazi. Hakuna lililowahi kuniingia kama maneno ya mtu yule asiyesali. Nilitaka kumwambia kwamba Mungu si mimi, kwamba asimhesabie Mungu mkebe wangu. Lakini ningelisemaje hilo, mimi niliyefumba macho kila soko ili mkewe aone? Niliinama tu. Nikawapimia lile gunia lote kwa gorogoro yao, nao hawakulikataa wala hawakushukuru.

Jioni mama aliniletea ugali na omena. Ilikuwa ile niliyomwuzia. Alikaa kando akanitazama nikila, na nililazimisha kila tonge. Nilimwomba msamaha, akaondoa sahani. Aliponionyesha pa kulala ndipo akasema, "Mimi nilimwambia, yule ni wa kanisa, hawezi." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu.

Sikujua kama amenisamehe, na hadi leo sijui. Alirudi sokoni miezi kadhaa baadaye, akanunua kwangu, lakini kwanza aligeuza gorogoro yangu mpya akaipapasa kitako. Alifanya hivyo kila soko, mbele ya watu, nami kila soko nilingoja amalize. Lile jina la Mama Kanisa hakuniita tena.

Lakini ile Jumapili. Niliteremka alfajiri, gari likanishusha njia panda, nikatembea kipande kilichobaki karibu nikimbie. Nilipokaribia sikusikia kuimba. Nikadhani wamemaliza. Nikaingia, nikawakuta wote wameketi kimya, mchungaji amekaa, meza iko mbao tupu, kikombe na mkate vikiwa bado ndani ya kikapu. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wake mbele kabisa, kitambaa kimekunjwa mapajani, mikono yake miwili juu yake. Baadaye niliambiwa mzee wa kanisa alimwomba mara tatu, na mchungaji mara moja. Alijibu kwamba mwenye kazi yuko njiani.

Alizitambua hatua zangu. Sikujua kama aliwaambia kitu, na nyuso za watu hazikuniambia. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema kwa sauti niliyotaka ifike hadi nyuma, "Mama, nimemwambia. Na mume wake nimemwambia. Niliwaibia kwa gorogoro niliyoigonga kitako. Nanyi niliwaibia, Jumapili ya mavuno."

Kanisa likanong'ona. Mama aliinua mkono, likanyamaza.

"Amesemaje?"

"Hajasema amenisamehe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea alichotarajia. Nilidhani atasema sasa nikae nyuma, mwingine atandike, na ningekubali. Badala yake alinishika mikono, akaivuta usoni kwake, akainusa, mmoja baada ya mwingine, mbele ya kanisa zima. Ilinuka omena. Nilikuwa nimeshika gunia, sikuwa na ndimu njiani. Kisha akashusha mkono wake mpaka kwenye miguu yangu, akagusa vumbi jekundu la Kuria lililonipanda hadi magotini.

"Nenda nje ukanawe," alisema. "Majivu yako kwa jirani. Tutakungoja."

Nikatoka nikanawa, mikono na miguu. Walikuwa wananingoja.