Nilisema Tunacheza

Habari zilinifikia Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni, nikiwa bado na sare ya shule, naanua nguo kabla upepo haujazipeleka kwa jirani. Mama aliingia uani na kapu lake la sokoni, hata hakulitua. "Mwalimu wako wa darasa la tatu," akasema, "yule mama wa Mbeya, amefariki. Wamemleta nyumbani kwa wakwe zake hapa Izia. Kesho wanazika." Nilikunja shati moja mara tatu. Ninyi mnaonisoma hapa kwenye gazeti letu la ukutani mnanijua, siongei, mpaka mmenipa jina: mshikaji wa kalamu. Na ngoja niwe mkweli, kilichonijia kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa hofu. Amekufa, nikawaza, na sijamwomba msamaha.

Wakati ule darasa la tatu ni kukaa watatu watatu kwenye dawati, kunakili ubaoni, na kuitikia kwa pamoja kama tuko kanisani. Yeye alipokuja aligeuza madawati yakatazamana. Fimbo ya darasa akaipa kazi ya kupimia bustani. Akatuambia nyuma ya darasa kuna kipande cha ardhi, tupande maharage, na kila tutakalolihesabu na kuliandika litoke hukohuko. Siku ya kwanza alikosea vibaya sana. Aliamuru nyasi zote zifyekwe, zikusanywe, zichomwe. Darasa zima likaguna. Sisi ni watoto wa Ufipa. Nyumbani kwetu nyasi hazichomwi, zinafunikwa. Unakata udongo pamoja na majani yake, unaupindua majani yakae ndani, unajenga tuta la duara, lile tunaloita ntumba, nyasi zinaozea humo na kulisha maharage. Binti mmoja akaropoka, "Mwalimu, sasa maharage yatakula nini?" Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana kumcheka mwalimu tulijua bei yake. Yeye akaangalia kiberiti mkononi mwake, akakirudisha mfukoni. "Kwetu hatulimi hivyo," akasema. "Haya, leo mimi ndiye mwanafunzi. Nani ananifundisha?"

Akanitazama mimi. Kwenye ukuta wetu palikuwa na methali ya asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na kila nilipoisoma nilihisi inanisema mimi. Sikuwahi kuuliza wala kujibu. Lakini nilichukua jembe, nikakata, nikapindua, nikarundika, tuta moja zima bila neno. Wenzangu walishaanza, "Aseme, aseme!" Mwalimu akawanyamazisha. "Kwani hamjamsikia? Ameshajibu kwa mikono." Baada ya hapo kila wiki mbili tulichimba ubavu wa tuta moja kuona nyasi zimefikia wapi, tukapima kwa kamba, tukachora, tukabishana. Nilijifunza kugawanya kwa kugawa mbegu za maharage. Sijasahau mpaka leo, na mnajua vizuri ni mangapi ya kidato cha kwanza nimeshayasahau.

Kisha kikaja kikao cha wazazi. Baba yangu alisimama. Baba si mtu mbaya. Yeye alifundishwa kwa bakora, na bakora ile ndiyo anayoishukuru kwamba anajua kusoma. "Mwanangu anarudi na udongo kwenye kucha," akasema. "Mwakani kuna mtihani wa darasa la nne. Mtihani utauliza udongo?" Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu, nadhani kwa nia njema, akaniita mbele: "Mweleze baba yako, kule nyuma mnafanya nini?" Niliona macho ya baba. Niliona viatu vya watu wengi sana. Nikasema, "Tunacheza." Kikao kizima kikaangua kicheko. Mwalimu wangu alikuwa amekaa pembeni, na sikumtazama. Mwezi haukuisha, akahamia shule ya Chala. Matuta yakasawazishwa, madawati yakarudi kutazama ubao, na wenzangu wakanipa wimbo wa kuniimbia njiani: "Umemfukuzisha mwalimu! Umemfukuzisha mwalimu!" Miaka saba nimeubeba wimbo huo. Nyumbani hakuna aliyejua, hata mama.

Ajabu ni kwamba siku hizi mdogo wangu yuko darasa la tatu shule ileile, na madawati yao yanatazamana tena. Ukutani wamebandika michoro yao wenyewe, si methali ya kuwatisha. Anarudi nyumbani anauliza kwa nini ugali wa ulezi ni mweusi na wa mahindi ni mweupe, mpaka baba anakimbilia redio yake. Zamani watu waliita mambo hayo shule ya kuchezea. Leo wanaambiana nyumba kwa nyumba ni mwalimu gani anawasikiliza watoto. Nafurahi, ila sitawadanganya. Mdogo wangu anasema yuko mwalimu ambaye madawati yake ni duara na somo ni lilelile la kuitikia kwa pamoja. Kupanga madawati ni kazi ya dakika kumi. Kumsubiri mtoto mmoja asiyesema mpaka amalize tuta lake, hiyo ndiyo kazi.

Jioni ileile ya Alhamisi nilikwenda msibani na mama. Mume wa marehemu alikuwa kwenye benchi nje na wanaume wengine, tukapita kumpa pole. "Shikamoo, pole sana," nikasema kwa sauti ya chini. Mama akaongeza, "Huyu binti yangu alisoma kwa marehemu, hapa Izia, darasa la tatu." Yule mzee akainua kichwa. "Wa matuta? Usiniambie ni yule aliyesema 'tunacheza'!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka. "Alinisimulia mara ngapi! Alisema, mtoto ambaye hasemi, leo amesema mbele ya wazazi wote, tena amesema kweli. Walikuwa wanacheza kweli bwana, na kujifunza humohumo."

Hapo ndipo nikauliza, kwa mdomo wangu, watu wote wakiwa pale: "Ndiyo maana alihamishwa?"

"Nani kakwambia alihamishwa?" Akafuta uso kwa kiganja. "Aliomba mwenyewe. Duka langu liko Chala. Barua yake ya kumfuata mwenza ilikaa ofisini mwaka mzima na zaidi, hata hajakujua wewe. Ikajibiwa muhula ule. Na matuta akaenda kuyaanzisha hukohuko." Mama alinishika mkono. Sijui kama mmewahi kupanda kilima na ndoo ya maji kichwani, halafu mtu anaipokea kutoka nyuma bila kukwambia. Shingo inabaki inaelea. Nililia, lakini hakikuwa kilio cha msiba.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto anayenyamaza ana jibu, na mtu mzima mwenye akili humpa mahali pa kuliwekea. Ila ukishakua, ukawa na mdomo na miaka kumi na sita, kunyamaza kunaweza kuwa deni kwa mwingine.

Kwa hiyo asubuhi ya Ijumaa niliamka mapema. Baba alikuwa uani anachukua jembe na koleo, anakwenda na wanaume wa mtaa kuchimba kaburi. Nikamwambia, "Baba, siku ile ya kikao. Hatukuwa tunacheza tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kugawanya."

Akaliweka koleo chini. "Mbona hukusema?"

"Uliponitazama niliogopa."

Baba alikung'uta jembe lake, ingawa lilikuwa safi. "Basi leo umesema," akasema. Alifika mlangoni, akarudi. "Yale matuta. Majani mliyaweka ndani?"

"Ndani, baba."

"Vizuri," akasema, akaenda. Nikaingia kumwamsha mdogo wangu aende shule.