Lori la Ngurumo Lina Dereva Mwingine

Saa nne asubuhi lori jeupe linaingia yadi kinyumenyume, na mwanamume mwenye nondo fupi mkononi analisubiri. Halijasimama sawasawa, yeye ameshaanza kugonga matairi, moja baada ya jingine, akisikiliza mlio. Tairi lililojaa upepo linajibu kwa sauti kavu. Lililopungua linajibu kama mto wa kulalia.

Akifika kwenye mlango wa dereva anasita. Anachungulia ndani, ananusa.

"Anatia manukato," anasema kwa uchungu. "Gari la mizigo, yeye anatia manukato kama chumba cha bibi harusi."

Anayesemwa ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, ndiye dereva wa lori hilo kwa sasa. Kabla yake, kwa miaka kumi na moja, usukani ulikuwa wa huyu mwenye nondo.

Madereva wenzake wanamwita Ngurumo. Mgeni anaweza kudhani ni kwa sababu ya sauti yake nzito, lakini jina hilo limetokana na kukoroma. Kwenye maegesho ya malori, wenzake wakimwona anazima injini, wao walikuwa wakiwasha zao na kusogea mbali.

"Mke wangu alikuwa ananiambia, baba watoto, wewe ukilala unakata pumzi kabisa, halafu unarudi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini," anasimulia. "Mimi nacheka. Namwambia, hiyo ndiyo dalili ya mwanaume aliyefanya kazi."

Mwaka jana alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ambako madereva wa malori hukaguliwa uchovu. Askari alimuuliza amelala saa ngapi, akamtazama macho, akamtaka asubiri kwenye benchi huku vyeti vyake vikikaguliwa. Ngurumo alikuwa amelala usiku mzima. Hata hivyo, askari aliporudi na vyeti, alimkuta benchini kidevu kifuani, anakoroma.

Alipelekwa kwa daktari. Ikabainika kwamba pumzi yake hukatika mara kwa mara usingizini, hivyo mwili haupumziki hata akilala saa kumi. Akaandikiwa kwamba asiendeshe mpaka atibiwe na kupimwa upya.

Mwenye malori, ambaye madereva humwita tajiri, hakumfukuza. Alimpa kazi ya kukagua matairi, kwa theluthi moja ya kipato alichozoea akijumlisha posho za safari. Lori akampa shemeji.

"Nilimfundisha mimi," anasema Ngurumo. "Usukani huu huu. Kumbe nilikuwa namnoa mtu aje aninyoe."

Hafichi kwamba roho ilimuuma. Shemeji akitoka safari alikuwa anapita kwanza nyumbani kwa dada yake, mfuko wa sokoni mkononi, na watoto wanamkimbilia mjomba wao mlangoni. Ngurumo alibaki kwenye kochi, akiongeza sauti ya redio.

"Mwanangu wa mwisho aliniuliza, baba, mjomba amepita kwenye daraja refu kuliko yote, wewe umewahi kuliona? Daraja hilo nimelipita kabla mjomba wake hajaota ndevu. Lakini utajibizana na mtoto?"

Kisha shemeji akaandikisha maneno nyuma ya lori, kwa rangi nyekundu: Mwenye Wivu Ajinyonge. Anaapa kwamba hakumlenga mtu, kwamba fundi rangi alikuwa na misemo mitatu tu na mingine miwili ilikuwa ya matusi. Ngurumo hakuamini. Kila lori lilipotoka yadi, aliyasoma.

Katika yadi hii, habari za ukaguzi zinawagusa wote. Hakuna dereva niliyezungumza naye anayesema usingizi usikaguliwe. Wote wamezika wenzao. Wanacholalamikia ni namna.

"Ukimkuta askari muungwana, anakuuliza, unamjibu, unaondoka," anasema dereva mmoja wa lori la mafuta. "Ukimkuta mwingine, macho mekundu ni kosa. Kumbe ni vumbi. Na cheti nilichopimiwa mjini kwetu, huko mbele wananiambia hawakitambui, nikapimwe tena kwao."

Mwingine anadakia: "Wakikwambia pumzika, upumzike wapi? Ukilala kando ya barabara, unaamka tangi halina mafuta. Halafu anayepimwa ni dereva. Anayetupangia safari hapimwi."

Miezi mitatu iliyopita, alasiri moja, shemeji alirudi kutoka safari ndefu. Hakupita kwa dada yake. Alikaa juu ya tairi kuukuu karibu na Ngurumo.

"Shemeji, nikwambie kitu, lakini kisitoke hapa," alisema. "Leo nimelala njiani."

"Uliegesha wapi?"

"Sikuegesha."

Alikuwa ameamshwa na mlio wa kokoto chini ya matairi ya kushoto, lori likielekea mtaroni. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepita kizuizini. Alikuwa amenawa uso, cheti chake hakijaisha muda, na askari akamtakia safari njema.

Na sasa tajiri alitaka ageuze jioni ile ile, kwa kuwa mzigo mwingine ulikuwa unasubiri.

"Kataa," Ngurumo alimwambia.

"Nikisema nimechoka nitapelekwa kupimwa kama wewe. Halafu?" Wote wawili walijua maana ya kupelekwa kupimwa.

Ngurumo aliweka nondo chini, akapanda ngazi hadi ofisini kwa tajiri.

"Huyu kijana asiondoke leo. Amesinzia njiani."

Tajiri alimtazama. "Ngurumo, unataka lori lako lirudi?"

"Nalitaka," alijibu. "Lakini leo asiondoke."

Shemeji alisimamishwa. Lori halikurudi kwa Ngurumo pia. Jioni ile liliondoka na dereva wa tatu, aliyekuwa akiombaomba kazi getini.

Nyumbani habari zilishafika. Mke wake, fundi cherehani, hakumsemesha wiki nzima. Chakula aliweka mezani, maneno hakuweka.

"Nilijua ni kijicho tu," mama huyo ananiambia, bila kuinua macho kwenye pindo analoshona. "Ndugu yangu amemwamini, yeye kaenda kumchoma kwa bosi. Mama yangu alitaka nirudi nyumbani."

Kilichombadilisha ni mama yake huyo huyo. Shemeji alilala kwao jioni ile, na kesho yake mchana bado alikuwa hajaamka. Mama alimwita, akamtikisa, akammwagia maji usoni. Kijana akageuka upande na kuendelea kulala. Mama huyo akampigia binti yake simu: "Hivi huyu ndiye waliyetaka kumpa lori jana?"

Nilimuuliza Ngurumo ilikuwa huruma au wivu.

"Sikudanganyi. Nilipokuwa napanda zile ngazi nilisikia utamu. Nikasema, leo na yeye ataonja. Hapo hapo nikaiona sura ya mke wangu akiletewa maiti ya mdogo wake. Vyote viwili vilipanda ngazi pamoja na mimi. Kipi kilitangulia, sijui."

Baada ya majuma kadhaa, shemeji alikuja yadi.

"Uliniharibia, shemeji."

"Najua."

"Ningekufa."

"Najua."

Walikuwa bado wamesimama hapo wakati yule dereva wa tatu alipoingia na lori, gia zikisaga meno. Wote wawili walikunja uso.

"Analiua gari," shemeji alisema.

"Muuaji," Ngurumo aliitikia. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yao.

Dereva wa tatu hakudumu. Shemeji amerudishiwa usukani, kwa safari fupi tu. Ngurumo amepungua mwili, na kila akilala anavaa kifaa puani kinachomsaidia kupumua. Mkewe anasema siku za kwanza alikuwa anaamka kuhakikisha mumewe yupo hai, kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya.

Wiki ijayo anarudi kwa daktari kupimwa upya. Akipewa cheti, yeye na shemeji wanataka kuendesha lori hilo wawili kwenye njia ndefu: mmoja akiwa usukanini, mwenzake amelala kitandani nyuma ya viti. Tajiri amekubali kuwajaribu.

Nawauliza nani ataanza kushika usukani.

"Mkubwa huanza kupumzika," anasema shemeji kwa adabu zote.

Ngurumo anacheka, kisha anaacha kucheka.

"Siku ya kwanza naanza mimi," anasema. "Yeye alale. Tena alale vizuri."