Mistari Arobaini na Mitatu Myekundu

Hapa zahanati tunamwita Bi Jalada. Miaka ishirini na moja ametunza majalada ya wagonjwa na hajapoteza hata moja. Kisha ikaletwa kompyuta. Sasa karibu kila asubuhi programu ya taarifa za wagonjwa inagoma kufunguka, foleni inafika getini, na lawama zote anatupiwa yeye. Mganga mkuu alishampa barua mbili za onyo. Ya tatu, ya kumwachisha kazi, ilikuwa mezani kwake ikingoja saa saba mchana.

Jamani, inaudhi! Huyo mganga mkuu kompyuta haijui hata kidogo. Anachojua ni kubana matumizi: kila jioni kabla ya kuondoka anapita chumba hadi chumba akichomoa plagi ukutani, na kesho yake anatutambia umeme aliouokoa.

Asubuhi hiyo Bi Jalada akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Mama, zitafute kumbukumbu za mfumo," fundi akasema.

"Mwanangu, zingefunguka ningekupigia?"

"Siyo za wagonjwa. Kompyuta yenyewe huandika kila kinachoipata. Bonyeza pale pa kuanzia."

"Nimebonyeza. Imeniletea hali ya hewa."

"Rudi nyuma."

"Sasa imefunga kila kitu! Hivi aliyezificha huku alikuwa anamkimbia nani?"

Wakavutana hivyo karibu saa nzima. Mwishowe ikatokea orodha ndefu yenye alama nyekundu. Bi Jalada akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Jana, saa kumi na moja na dakika tano jioni, kompyuta imezimika ghafla. Juzi, saa ile ile. Ijumaa, saa ile ile.

"Unaizima wewe, mama?"

"Mimi natoka saa kumi. Naiacha ikinakili taarifa, kama ulivyoniagiza."

"Basi kuna mtu anaikatia umeme kabla haijamaliza. Ndiyo maana taarifa zinaharibika."

Bi Jalada akaitazama plagi ukutani. Akachapa orodha yote, mistari arobaini na mitatu, akaenda ofisini kwa mganga mkuu. Nami nikamfuata, ningekosaje?

Mganga mkuu akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, kila mstari ukitaja saa yake ya kuchomoa plagi. Akaikunja ile barua ya tatu na kuitia mfukoni.

"Basi, Bi Jalada, yaishe."

"Bado, daktari. Majalada ya wafanyakazi nayatunza mimi. Kwenye langu mna barua mbili za onyo. Nizihamishie kwenye la nani?"