Silabi ya Mwisho ya Kitwana

Kitwana Pazi wa Kibuta alifundishwa Kifaransa na mwanamke aliyekuwa akitwanga mpunga. Ilikuwa Bukini, kisiwa tunachokiita sasa Madagaska, alikopelekwa na Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita vya Hitla. Mwanamke huyo, Soazara, alikuwa akiwafulia askari nguo. Hakujua Kiswahili, na Kitwana hakujua Kibuki, basi wakashikilia Kifaransa ambacho Soazara alikisoma kwa masista.

Vitenzi vilimtesa Kitwana. Alizoea kutamka kila herufi aionayo, na kila silabi kuimalizia kwa irabu. Soazara alipomwandikia mchangani neno la "nitarudi", *reviendrai*, yeye alisoma: re-vi-e-ni-de-ra-i. Soazara akacheka hata mchi ukamponyoka.

"Tatu tu," akamwonyesha kwa vidole, kisha akatwanga pigo moja kwa kila silabi. Re. Vien. Drai. Ya kati ipite puani. Ya mwisho itoke nyembamba, mdomo ukiwa umefinywa.

Mbili za kwanza Kitwana aliziweza. Ya mwisho kila mara ilimtoka pana.

Mwaka 1944 kikosi kiliamriwa kwenda Burma. Mimba ya Soazara ilikuwa imekwisha kuonekana. Bandarini Kitwana alimshika mikono, akalitamka neno lake polepole.

Soazara akamkazia macho. "*Si quoi?*" akauliza.

Kitwana hakuelewa. Alidhani anaulizwa kama asemayo ni kweli, akaitikia ndiyo: "*Oui, oui.*" Soazara akajinasua mikono, akaondoka bila kugeuka, na meli bado haijang'oa nanga.

Vita vilipokwisha Kitwana alirudi Kibuta, akawa anachoma makaa na kuyapeleka misheni ya Pugu. Salamu alizowapa mabaharia wa Bukini wamfikishie Soazara hazikupata jibu. Asubuhi moja, akishusha magunia, alisikia padri mmoja wa Uswisi akizungumza Kifaransa na mgeni. Akalitua gunia, akawasogelea.

"Padri, hata mimi najua neno moja," akasema, akalitamka.

Padri akafurahi. "Vizuri! Ungerudi iwapo nini?"

"Sikusema ningerudi. Nimesema nitarudi."

"Hapana, Kitwana. Ya *nitarudi* mwisho wake mwembamba. Wewe umeupanua. Hiyo ni *ningerudi*."

Kitwana akaketi juu ya gunia. "Na *si quoi* maana yake nini?"

"Iwapo nini. Yaani, kwa sharti gani."

Padri alipoona machozi yanamtiririka mchoma makaa, akatafuta la kumfariji. "Ni tofauti ndogo sana. Hata Wafaransa wenyewe wengi hawaisikii."

"Yeye aliisikia," Kitwana akasema. "Ndiye aliyenifundisha."

Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi katika meli yoyote ya kwenda Bukini. Kila alipouliza alifukuzwa, hadi homa ikamrudisha Kibuta akiwa mifupa mitupu. Pugu hakukanyaga tena. Makaa aliyauza Kisarawe, kwa bei yoyote aliyopewa.

Baadaye alimwoa Mwanaamina, mjane wa hapo Kibuta. Jioni moja, mke akisonga ugali, Kitwana alimsimulia yote. Mwanaamina alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mtoto, mume wangu? Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Sijui," Kitwana akajibu.

Mwanaamina akaipua chungu, akaenda kuketi karibu naye.